Somo: Chipu ya Kuongeza Nguvu na Pikapu Kuukuu ya Dizeli

Mji wa Tunduma ni lango. Shehena itokayo bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia na Kongo hupita hapo kwa barabara kuu, na pamoja nayo hupita kila aina ya kipuri, kipya na kilichokwisha kutumika, cha asili na cha kuigiza. Haishangazi basi kwamba vyama vya msingi vya Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, ambavyo aghalabu hutumia pikapu za umri mkubwa, huletewa vifaa ambavyo katibu hajapata kuviona. Kimojawapo ni kile kiitwacho chipu: kijisanduku chenye waya, ambacho muuzaji huahidi kwamba kikifungwa kwenye injini ya dizeli, gari litapanda mlima na mzigo wake kama lilivyokuwa likingali jipya, na juu ya hayo litapunguza ulaji wa mafuta kwa robo nzima au zaidi.

Somo hili linakusudia kumsaidia katibu na wajumbe wa Bodi kujibu swali moja kabla fedha ya wanachama haijatoka mfukoni: je, kifaa hiki kina kazi yoyote ya kufanya katika gari la chama? Jibu halitegemei ufasaha wa muuzaji wala ukubwa wa bei. Linategemea aina ya injini, na jambo hilo katibu anaweza kulitambua mwenyewe kwa kufungua boneti.

NGUVU YA DIZELI HUTOKA WAPI

Injini ya kwanza ya Rudolf Diesel iliyofanya kazi barabara ilikamilika Ujerumani mwaka 1897, na kanuni yake haijabadilika. Hewa huvutwa ndani ya silinda na kubanwa mpaka ikapata joto kali. Kisha mafuta hupulizwa ndani, nayo huwaka yenyewe kwa joto la hewa hiyo, pasipo cheche ya plagi. Dereva akikanyaga mafuta katika injini ya dizeli ya kawaida haongezi hewa. Huongeza dizeli tu. Kwa hiyo nguvu ya injini huongezwa kwa kuipa mafuta mengi zaidi, lakini kwa sharti kwamba hewa iliyomo silindani inatosha kuyachoma yote. Mafuta yakizidi hewa, kinachotoka ni moshi mweusi, na moshi mweusi ni dizeli iliyolipiwa kituoni na kutupwa njiani.

Hapo ndipo nyanda za juu za Songwe zinapoingia katika hesabu. Mbozi na Tunduma ziko kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko wa meta 1,600 hewa ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko ile ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo huvuta ujazo uleule wa hewa, lakini ndani ya ujazo huo hewa yenyewe imepungua. Pikapu inayovuta vizuri katika bonde la Kamsamba, karibu na Ziwa Rukwa ambalo liko kadiri ya meta 800 tu, itachoka ikifika Vwawa hata kama haina ugonjwa wowote. Dereva asiyelijua hilo hulaumu pampu. Fundi asiyelijua hufungua skrubu ya pampu ili kuongeza mafuta, ilhali kilichopungua ni hewa. Wengi wa wanaotafuta chipu wanatafuta dawa ya upungufu huo, na chipu haileti hewa.

INJINI ISIYO NA KONTROBOKSI

Chipu ni kifaa cha kusema na kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontroboksi. Jina lenyewe limetokana na kipande kidogo cha kumbukumbu kilichokuwa ndani ya kontroboksi za magari ya miaka ya 1980 na 1990: fundi alikichomoa na kuchomeka kingine chenye maagizo tofauti. Mahali pasipo na kompyuta, hakuna wa kusema naye.

Pikapu nyingi kuukuu hazina kompyuta hiyo. Toyota Hilux zenye injini za 2L (sentimeta za ujazo 2,446), 3L (2,779) na 5L (2,986) hupokea mafuta kutoka pampu inayoendeshwa kwa vyuma, springi na mzunguko wa injini yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa Land Cruiser ya injini ya 1HZ na kwa Nissan ya TD27. Pampu ya namna hiyo haisomi umeme wowote ili kujua itoe mafuta kiasi gani.

Katibu afanye hivi. Gari likiwa limezimwa, afungue boneti na kuutafuta waya wa chuma utokao kwenye pedeli ya mafuta. Ukiishia kwenye mkono mdogo ulio juu ya pampu ya dizeli yenyewe, na ikiwa kwenye pampu hiyo hakuna nyaya za umeme isipokuwa mmoja au miwili, ambayo kazi yake kubwa ni kuzima injini, basi pampu ni ya kimakanika. Kwa injini za Toyota kuna alama nyingine: herufi zinazofuata jina la injini. Herufi E, kama katika 1KZ-TE, huonyesha kwamba mafuta hutawaliwa kwa umeme. Na V, kama katika 1KD-FTV na 2KD-FTV, huonyesha mtambo wa kisasa wa mfereji mmoja wa presha. Herufi T ni ya tabo. Lakini asiangalie kadi ya gari peke yake. Pikapu kuukuu nyingi zimekwisha kubadilishwa injini mara moja au mbili, na kilichoandikwa kwenye kadi huenda si kilichomo chini ya boneti.

Ikiwa injini ni ya kimakanika, mjadala wa chipu umekwisha. Kifaa kitakachofungwa humo hakiwezi kubadili hata tone moja la mafuta. Vipo vijisanduku vinavyochomekwa kwenye soketi ya kiberiti cha sigara, au kwenye soketi ya kupimia hitilafu iliyo chini ya usukani, ambavyo vilipofunguliwa vilikutwa na taa ndogo za kumetameta na karibu hakuna kingine. Taa hizo huwaka vizuri sana. Muuzaji atasema kwamba kifaa kinahitaji safari kadhaa ili kujifunza mwendo wa dereva, na kabla safari hizo hazijaisha mwenyewe amekwisha vuka mpaka.

INJINI ZENYE KONTROBOKSI

Hali ni tofauti kwa injini kama 1KZ-TE ya Hilux Surf, ambayo pampu yake inafanana na ile ya zamani lakini hutawaliwa kwa umeme, na tofauti zaidi kwa zile za mfereji mmoja wa presha. Mtambo huo wa pili ulianza kuuzwa katika malori ya Japani mwaka 1995 na katika magari madogo ya Ulaya mwaka 1997, kisha ukafika katika pikapu za miaka ya 2000. Dizeli huwekwa katika bomba moja nene kwa presha inayozidi mara 1,000 ile ya hewa ya kawaida, na kontroboksi huamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Hapo chipu ina mtu wa kusema naye. Lililobaki ni kujua inamwambia nini.

Aina iliyo rahisi kuliko zote humdanganya. Ni kipande cha waya chenye ukinzani, thamani yake ndogo mno, kinachofungwa kwenye sensa ya joto la hewa. Kontroboksi huambiwa kwamba hewa iingiayo ni ya baridi kali, na kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, huongeza mafuta. Hewa haijawa ya baridi. Mafuta yamezidi, na katika nyanda za juu yamezidi maradufu.

Aina ya pili hufungwa kwenye sensa ya presha ya mfereji. Huiarifu kontroboksi kwamba presha ni ndogo kuliko ilivyo, nayo kwa utii wake huipandisha. Gari hupata nguvu kweli, dereva huisikia siku ileile, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu sensa hiyo ndiyo jicho la kontroboksi. Presha ikizidi mpaka kiwango cha kudhuru, kompyuta iliyowekwa kuilinda injini haitaona, maana jicho lake limefunikwa. Nozeli na pampu ya namna hii ni ghali sana kuliko za pampu ya zamani, na si kila fundi wa kando ya barabara anayeweza kuzipima.

Aina ya tatu si kijisanduku. Fundi huunganisha kompyuta yake na kontroboksi na kuyaandika upya maagizo yaliyomo. Mtu mwenye ujuzi na vipimo anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kiasi na kwa usalama, hasa katika injini yenye tabo. Lakini ajuaye hutanguliza kuipima injini, huhifadhi maagizo ya kiwandani ili yarudishwe yakihitajika, na hueleza kwa maandishi alichokibadili. Asiyefanya hayo anabahatisha kwa mali ya watu.

GHARAMA ISIYOANDIKWA KWENYE STAKABADHI

Mafuta yakiongezwa, joto huongezeka. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, na pistoni za injini hizi ni za mchanganyiko wa aluminiamu. Kinachoziokoa ni oili na maji yanayozunguka kuondoa joto. Gari dogo lisilo na mzigo kwenye barabara tambarare huhitaji nguvu yote kwa dakika moja au mbili tu, kisha hupumzika. Pikapu ya chama haina bahati hiyo. Itokapo Kamsamba na mpunga au ufuta kuupanda ukingo wa bonde, au ikibeba kahawa mbichi katika vilima vya Ileje, hukanyagwa mpaka mwisho kwa muda mrefu, kwa gia ya chini, mwendo mdogo, na upepo mchache kwenye rejeta. Nyongeza ya joto ambayo gari la mjini lingeivumilia ndiyo hupasua silinda hedi ya gari la mzigo. Mafundi wengi wanazijua injini ambazo hazisamehe jambo hilo, nazo ni pamoja na 2L yenye tabo na 4D56 ya Mitsubishi.

Tabo nayo hulipa. Katika nyanda za juu tayari huzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia wepesi wa hewa. Ikipewa mafuta zaidi hukimbia zaidi, na tabo ya umri wa miaka 20 haina akiba ya kukimbia. Klachi pia.

Liko jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Pikapu ikipata nguvu ya kupanda na magunia mengi, itapakiwa magunia mengi, na juu yake watakaa watu kama ilivyo desturi mbaya ya vijijini. Ikifika kileleni itateremka upande wa pili kwa breki zilezile. Chipu haiongezi breki.

Na ziko karatasi za bima. Mabadiliko ya injini ambayo kampuni ya bima haikuarifiwa yanaweza kuwa sababu ya kukataa madai siku ya ajali.

KWANZA AFYA YA INJINI

Mara nyingi gari linalosemwa kuwa halina nguvu ni gari linaloumwa. Chujio la hewa lililojaa vumbi la kiangazi huinyima injini kile ambacho nyanda za juu zimekwisha kuipunguzia, na bei ya chujio jipya haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya chipu. Baada ya hapo chujio la dizeli litazamwe na maji yaliyotuama chini yake yamwagwe. Gari linalojazwa mafuta ya madumu huhitaji hivyo mara kwa mara zaidi. Kisha nozeli. Nozeli iliyochakaa haipulizi mafuta kama ukungu bali huyadondosha, na matone hayaungui yakaisha. Zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, naye azioneshe zikipuliza mbele ya macho ya dereva. Fundi wa pampu aambiwe wazi kwamba gari hufanya kazi kwenye nyanda za juu, ili asiache skrubu ya mafuta imefunguliwa kupita kiasi.

Matairi ni jambo la kucheka kidogo. Wapo wanaofunga matairi makubwa kuliko yaliyoagizwa na kiwanda kwa ajili ya tope, halafu wakanung'unika kwamba gari halivuti. Tairi kubwa ni sawa na kuipandisha gari gia bila kulitaka. Zaidi ya hayo, hulifanya gari lionyeshe kilometa chache kuliko zilizosafiriwa, na hesabu ya ulaji wa mafuta huharibika kabla haijaanza. Upepo wa tairi ukipungua, au breki zikishika zenyewe, gari hula mafuta kwa kazi isiyo na faida.

Mfano wa hesabu utasaidia. Tuseme pikapu husafiri kilometa 1,800 kwa mwezi na hutumia lita moja kwa kilometa 8; itahitaji lita 225. Ikiwa matengenezo yataifikisha kilometa 9 kwa lita, itahitaji lita 200. Akiba ni lita 25 kwa mwezi, na kwa miezi minne ya msimu wa kahawa ni lita 100. Katibu azizidishe kwa bei ya dizeli ya mwezi huo, ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, kisha alinganishe na gharama ya nozeli na machujio. Hesabu hiyo anaweza kuisimamia mbele ya Mkutano Mkuu. Ile ya muuzaji wa chipu hataweza, kwa kuwa nguvu ya ziada hutoka katika mafuta ya ziada, na mtu anayeahidi vyote viwili kwa pamoja, nguvu zaidi na mafuta pungufu kwa robo, katika injini kuukuu yenye mzigo, anaahidi kisichopatikana.

KUPIMA AHADI

Hata hivyo chama chenye gari la kontroboksi kinaweza kutaka kujionea. Basi na kipime kwa haki. Tangi lijazwe pomoni katika kituo kimoja, kwenye pampu ileile, gari likiwa limesimama mahali palepale. Lisafiri njia moja, tuseme kutoka Vwawa hadi Itumba na kurudi, likiwa na mzigo uliopimwa kwenye mizani ya chama. Lijazwe tena vivyo hivyo, na lita ziandikwe pamoja na kilometa. Safari tatu bila chipu, tatu kwa chipu. Safari moja moja haitoshi, kwa maana mvua au foleni ya malori ya Tunduma inaweza kubadili matokeo kuliko kifaa chenyewe.

Dereva asiambiwe ni safari ipi yenye chipu. Aambiwaye kwamba gari limefungwa kifaa cha kubana mafuta huanza kukanyaga pedeli kwa upole pasipo kukusudia, na lita zinazookolewa ni za mguu wake. Matokeo hayo yana faida yake: yakionyesha kwamba dereva mtulivu huokoa lita kadhaa, chama kimepata akiba hiyo bure.

Muuzaji akubali kuliacha gari lipimwe kabla ya kulipwa. Akikataa, majadiliano yaishie hapo.

KAZI YA KATIBU NA BODI

Gari la chama si la mtu binafsi. Mwenye pikapu yake akitaka kuijaribu, hasara ni yake na raha ni yake. Yeye huijua sauti ya injini yake na atapunguza mwendo akisikia imebadilika. Gari la chama huendeshwa na mikono mingi. Likisimama katikati ya msimu, kahawa hubaki ghalani kwa mwanachama, na fedha ya kulifufua hutoka katika ushuru wa kila kilo aliyoileta. Kwa sababu hiyo, hata katika gari ambalo chipu ingeweza kufanya kazi, ni vigumu kuona hali ambayo Bodi ingeshauriwa kuinunua kwa ajili ya pikapu kuukuu ya mizigo. Fedha hiyo inatengeneza nozeli.

Endapo Bodi itaamua vinginevyo, matumizi yawe yamo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, wala yasifichwe katika kifungu cha mafuta na vilainishi. Muhtasari utaje aina ya injini, jina la fundi, alichokibadili, na matokeo ya safari sita za majaribio. Daftari la gari liendelee kuandikwa lita na kilometa kila linapojazwa. Mkaguzi atakayekuja mwakani hataiona chipu chini ya boneti, lakini daftari ataliona.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Gari la chama chenu lina injini ya aina gani? Fungueni boneti mkatazame, kisha mlinganishe na kadi ya gari.

2. Pikapu ilisafiri kilometa 1,350 na kutumia lita 180. Je, hutumia lita moja kwa kilometa ngapi? Ikifikishwa kilometa 9 kwa lita, ni lita ngapi zingeokolewa katika safari hiyohiyo?

3. Dereva anasema gari huvuta vizuri Kamsamba na kuchoka Vwawa. Ni mambo gani ya kuchunguzwa, na kwa utaratibu gani, kabla ya kuigusa pampu?

4. Muuzaji anadai malipo kabla ya majaribio na kuahidi kurejesha fedha baada ya miezi miwili. Katibu amjibu nini?